Ukuta Uliosamehewa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Barani na vitongoji vyake, wenyeji na wageni, waliookoka na wanaofikiria, kwamba yale matetemeko ya ardhi yaliyotusumbua kuanzia mwaka wa themanini na nne hayakupasua ukuta wowote wa kanisa. Ardhi ilisingiziwa. Kutikisika ilitikisika, nayo haikatai: iligonganisha vifuniko vya sufuria, ikamwaga uji, ikawatoa watu bafuni na povu machoni. Lakini ule ufa wa kanisa, ule uliopigiwa magoti na kujaziwa fomu ya serikali, haukuwa wa ardhi. Ulikuwa wa Bwana Gerishom Musembi, fundi wa mawe, mzaliwa wa Mwala, mume wa Idah, mtu mfupi, mpole, asiyevuta sigara wala kubishana. Mwenye kutaka kuiomba ardhi radhi na ainame papo hapo alipo.

Habari yenyewe ni hii.

Gerishom alishuka pwani mwaka wa sabini na saba, siku zile kila baada ya miezi miwili Malindi ilizaa hoteli, na kila hoteli ilitaka ukuta mrefu wa kuwakinga wenyeji wasiwaone wageni wakijianika uchi. Kuta hizo alizijenga yeye na wenzake, kwa mawe ya tumbawe, na mkono wake ulisifiwa. Jiwe alilichonga kama mtu anayemenya muhogo, bila kuliangalia sana, na timazi yake ilipotulia hakuna aliyethubutu kubisha. Aliokoka mwaka wa themanini na moja, katika mkutano wa injili alikokwenda kumsaka mtu aliyeazima mwiko wake. Mwiko hakuupata.

Ndugu wa Barani walikuwa watu wa bara kama yeye: makarani, wenye vibanda sokoni, wapishi wa hotelini. Waliabudu ndani ya banda la makuti lililovuja. Mwaka wa themanini na tatu wakaamua kumjengea Mungu nyumba ya mawe, na Gerishom akapewa kazi hiyo kwa mapatano ya kiroho, maana yake bure. Miezi mitano. Miezi hiyohiyo yeye, Idah na watoto watatu walikuwa wakilala katika nyumba ya udongo ambayo mvua iliingia bila hodi, na Idah alikuwa na mimba ya wa nne. Na pale kanisani, pembeni, chini ya turubai, saruji ilikuwa imepangwa vizuri, imenyamaza, haina mlinzi.

Mfuko wa kwanza aliuazima. Wa pili pia aliuazima. Kufikia wa kumi na moja neno lenyewe lilikuwa limechoka, akaacha kulitumia.

Nyumba yake ikasimama, ya mawe, imara kama benki. Ukuta wa nyuma wa kanisa, ule mrefu unaopanda kwa pembetatu mpaka kileleni mwa paa, ndio uliojengwa mwisho, na ndio uliolipia. Palipotakiwa karai moja ya saruji kwa karai tano za mchanga, aliweka moja kwa kumi na mbili. Lori la mchanga wa Mto Sabaki lilipochelewa, akachotesha mchanga wa ufuoni, mweupe, wa kupendeza, wenye chumvi ya kutosha kupikia samaki wa harusi.

Aliyechanganya mchanganyiko huo alikuwa Nzai, saidia fundi wake, Mgiriama aliyemzidi umri, ambaye kabla ya hapo alikokota chumvi Gongoni miaka sita mpaka nyayo zikapasuka.

"Fundi," alisema Nzai siku ile, akiwa ameegemea sepetu, "huu si udongo wa kujengea. Huu ni uji."

"Wewe changanya."

"Nachanganya. Nasema tu, ili baadaye usije ukasema sikusema."

Nzai hakuwa mtu wa kanisa. Kwake yalikuwa mawe ya wenyewe na Mungu wa wenyewe. Akachanganya.

Ufa ulijitokeza mwezi wa tatu mwaka wa themanini na nne, mwembamba kama unywele, ukaanza kileleni ukashuka. Baada ya wiki mbili kucha iliingia. Gerishom alikwenda Jumamosi peke yake, akaujaza, akaupiga lipu, akapaka chokaa ukuta mzima ili kiraka kisijulikane. Ndugu walipokuja Jumapili wakakuta ukuta unang'aa, wakashangilia. Mwinjilisti Thuku, mkuu wa kundi lile, Mkikuyu mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alimsimamisha mbele na kumwombea kwa kujitolea kwake. Maombi yale yalichukua dakika kumi. Gerishom anasema zilikuwa dakika ndefu kuliko miezi mitano ya kujenga.

Mwezi wa tano ardhi ikatikisika.

Ilikuwa Jumanne, saa nane za mchana, watu wametoka kula. Kwanza mbwa walinyamaza. Halafu vifuniko vikaanza kugongana jikoni, maji ndani ya pipa yakachora duara juu ya duara, na taa ya kandili iliyoning'inia kwa Ndirangu mwenye duka ikacheza. Ilikuwa muda wa kuhesabu mpaka nane, kisha kimya. Waswahili wa mji wa kale wakasema zilizala, wakatoka nje na dua zao. Wagiriama wakatoka nje. Watalii wakatoka nje na kamera. Ndugu peke yao waliingia ndani.

Walikimbilia kanisani kwa sababu Mwinjilisti Thuku aliigonga kengele, yaani rimu ya lori iliyotundikwa mlangoni, akapiga kelele kwamba kama mwisho umefika basi uwakute mahali pazuri. Wakajaa. Na walipokuwa wamepiga magoti, bamba zima la lipu likaporomoka kutoka ukuta wa nyuma, ufa ukajionyesha wote, toka kileleni mpaka usawa wa benchi.

"Tetemeko limetupasulia kanisa!" akalia Jedida, mjane mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa mwalimu wa watoto siku za Jumapili.

Gerishom, aliyekuwa amepiga magoti safu ya tatu, alijisikia akisema moyoni: Asante, Mungu. Kisha akasikia alichokisema, masikio yakamwaka moto.

"Fundi," aliuliza Thuku, "ni nini hii?"

Kanisa zima likageuka kumtazama. Hapo palikuwa na nafasi, ndogo, lakini palikuwa na nafasi.

"Ni nguvu za tetemeko," akasema Gerishom.

Na uongo ukazaliwa, mzima wa afya, mbele ya mashahidi themanini.

Tangu siku ile ardhi haikutulia. Mara moja kwa mwezi, mara nyingine mara mbili, ilijikuna kidogo na kulala. Watu huzoea. Barani ikajifunza kutojaza maji mpaka ukingoni, kutoweka vikombe mwisho wa kabati, kutonyoa bila kuegemea kitu. Tetemeko lenyewe likapewa jina, likaitwa Mgeni. Asubuhi ungesikia majirani juu ya ua: "Mgeni alipita kwenu?" "Alipita, hata chai hakunywa." Kila ufa mjini ukawa ni wake. Mafundi wote wa Malindi walipata nafuu mwaka ule. Nyumba zilizokuwa na nyufa tangu enzi za ukoloni zikasemekana zimepasuka wiki iliyopita. Na kwa kuwa nyumba ya Gerishom haikupata hata mstari, watu wakaanza kumwita aje aangalie nyufa zao, eti ana mkono wa baraka.

"Nyumba ya mtu wa Mungu utaijua tu," alisema Ndirangu, akiupapasa ukuta wa Gerishom. "Umeweka nini humu, ndugu?"

"Saruji," akajibu Gerishom.

Serikali nayo ikasikia. Akaja afisa kutoka Mombasa, suti ya Kaunda, kalamu nne mfukoni, na fomu. Alikaa kwenye meza ya Bwana pale kanisani akasoma maswali.

"Je, vyombo viligongana?"

"Viligongana!" wakajibu.

"Je, waliokuwa wamelala waliamka?"

"Wote, isipokuwa karani wa posta. Yule haamki kwa lolote."

"Je, wanyama walionyesha wasiwasi?"

Nzai, aliyekuwa dirishani kwa nje, akasema mbuzi wake wana wasiwasi tangu walipozaliwa. Afisa akaandika: ndiyo. Kisha akawaeleza kwamba chini kabisa, maili nyingi, kuna mwamba uliopasuka, na pande zake mbili zinasuguana taratibu.

"Nani aliyeujenga?" akauliza Ndirangu, na kanisa zima likacheka, ila mtu mmoja.

Afisa akasimama mbele ya ukuta wa nyuma. "Ufa huu ulikuwapo kabla ya tetemeko la kwanza?"

Gerishom alimtazama Nzai. Nzai alitazama mbuzi asiyekuwapo.

"Haukuonekana," akasema Gerishom.

Lilikuwa jibu la kweli, neno kwa neno, nalo lilimchoma kuliko uongo wote aliowahi kusema. Afisa akaandika. Halafu akatoa kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, akamwomba fundi tone la saruji upande huu wa ufa na tone upande ule, akakibandika kioo katikati kama daraja.

"Kioo hiki hakinyumbuki," akawaambia watu. "Ukuta ukisogea hata unywele, kitakatika. Kikiwa kizima, ukuta umetulia. Kikikatika, msikae hapa. Fundi, wewe ndiwe mlinzi wake."

Akaenda zake na fomu, na hakurudi.

Sasa yafaa kueleza jinsi ndugu walivyoishi na Mgeni, maana hapo ndipo penye kisa. Kila alipopita, rimu iligongwa, watu wakajazana kanisani, na toba ikaanza. Kwao toba haikuwa jambo la kunong'ona. Mtu alisimama mbele ya wote, akataja dhambi kwa jina na ukubwa wake, wote wakaimba pambio, wakamkumbatia, likawa limekwisha. Na likiisha limeisha kweli: kulitaja tena ni dhambi kubwa kuliko lenyewe. Ndirangu alitubu kwamba mizani yake ya sukari ameisaidia miaka mingi kwa kidole gumba. Akasamehewa kwa machozi. Wiki iliyofuata Jedida akakiona kidole palepale kwenye mizani, akasema, "Ndugu, kidole." Jumapili aliyesimama kutubu alikuwa Jedida, kwa kosa la kufukua yaliyosamehewa.

Kwa hiyo kila ardhi ilipotikisika, watu wenye akili zao walikimbilia chini ya ukuta mbovu kuliko kuta zote za Wilaya ya Kilifi, wakakaa humo saa mbili nzima wakitubu. Watoto, kwa kuwa ni wadogo, walikaa nyuma, benchi la ukutani kabisa. Walikuwa ishirini. Gerishom anajua, aliwahesabu kila Jumapili, na mara mbili katikati ya mahubiri.

Alijaribu njia za pembeni. Alipendekeza ibada ya nje, kwa ajili ya hewa. Thuku akasema nyumba ya Mungu haikimbiwi. Alipendekeza watoto waje mbele ili wasikie vizuri. Wakasema wanasikia, shida ni kwamba wanasikika. Jumapili moja akashindwa kuvumilia, akamwita mwanawe Musyoka, wa miaka minane, akamkalisha pajani mwake safu ya tatu. Akapumua. Kisha akageuka akaona pengo dogo kwenye benchi, na vichwa kumi na tisa pande zote za pengo.

Na kioo? Alikikagua kila siku jioni akitoka kazini. Miezi miwili kilikuwa kizima. Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, wala Mgeni hakuwa amepita wiki nzima, akakuta kimekatika katikati, safi, kama kimekatwa kwa uzi. Ukuta ulikuwa unasogea wenyewe. Haukuhitaji msaada wa ardhi. Saruji kidogo na chumvi nyingi vilitosha.

Nzai alikuwa pamoja naye. Akakitazama kioo, akamtazama fundi.

"Basi umepata sababu," akasema. "Waambie kimekatika. Hata si lazima useme kwa nini."

"Watamwita afisa tena. Fundi mwingine ataletwa. Atachomoa jiwe moja tu, Nzai, moja tu, udongo utamwagika kama unga, ajue kila kitu."

"Ee. Atajua."

"Nitakula wapi? Nani atanipa kazi?"

Nzai akaokota sepetu yake. "Mimi saidia tu," akasema. "Wewe ndiwe fundi."

Jioni ileile Gerishom alivua picha ya harusi ukutani kwake, akatoa kioo, akaazima kisu cha kukatia vioo, akakata kipande urefu wa kidole.

"Baba Musyoka," aliuliza Idah asubuhi, "mbona picha yetu haina kioo?"

"Kilivunjika."

"Kwa nini?"

"Mgeni."

Idah aliangalia kabati la vyombo, vikombe vyote vimesimama wima. "Ajabu," akasema. "Ameingia, amechagua sisi wawili tu, akaondoka." Hakuuliza tena. Alikuwa ameishi na saruji ile mwaka mzima, na hakuwahi kuuliza ilikotoka pia.

Picha ya harusi ilitoa vipande vingi. Cha pili kilikatika baada ya wiki sita. Cha tatu baada ya nne. Cha nne hakikumaliza wiki mbili. Kila Jumapili ndugu waliingia, wakainua macho, wakakuta kioo kizima, wakasema, "Bwana asifiwe, ameushika ukuta wake." Thuku alikihubiri kile kioo mara tatu. Gerishom aliacha kuimba. Alifungua mdomo tu, ili asionekane.

Kilichomvunja hakikuwa mahubiri. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka wa themanini na tano, kabla ya ibada. Jedida alimshika mkono mlangoni.

"Fundi, nina neno, usikasirike. Musyoka mrudishe kwa wenzake."

"Hapa anatulia, dada."

"Najua unamwogopea. Lakini sikiliza. Mimi nilitaka kuwahamisha wote, siku ile ufa ulipoonekana. Nililala macho wiki nzima. Halafu nikaona kile kioo. Sasa nawakalisha pale kwa makusudi, chini yake kabisa. Kanisa zima, ni pale tu penye mlinzi. Nikiingia nakitazama, moyo unatulia." Akacheka kidogo, kwa haya. "Kila Jumapili nakuombea wewe unayekitunza."

Gerishom aliutoa mkono wake taratibu, kama mtu anayeutoa mtegoni. Cha tano alikuwa amekibandika jana yake.

Alisimama hata kabla ya mahubiri. Hakuna aliyemwita, wala ardhi haikutikisika. Alikwenda mbele, kofia mkononi, na watu wakafurahi, kwa kuwa mwaka mzima hakuwa ametubu kitu zaidi ya uchovu.

"Ndugu," akasema, "mimi ni mwizi. Saruji ya ukuta ule iko nyumbani kwangu. Mifuko kumi na moja. Mchanga nilitoa ufuoni. Ufa ulikuwapo miezi miwili kabla ya Mgeni wa kwanza, nikaupaka chokaa. Afisa nilimdanganya. Na kioo mnachokiona ni cha tano. Vinne vimekatika."

Gerishom alisubiri vitu viwili: kwanza matusi, halafu vishindo vya miguu ikikimbilia nje. Alikuwa amejitayarisha kwa vyote viwili. Cha kwanza alikitaka kwa ajili yake, cha pili kwa ajili ya watoto.

Nyuma mtu akaanzisha pambio.

Wakaimba. Wakaja wote. Thuku alimkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Wanawake walilia. Ndirangu alilia kuliko wanawake. "Kumi na moja, ndugu!" alisema, akimpiga mgongoni. "Kumi na moja! Na mimi niliona haya kusema kidole!"

"Asanteni," alisema Gerishom kutoka ndani ya makwapa ya watu. "Asanteni. Lakini watoeni watoto pale."

"Limekwisha, ndugu," akasema Thuku.

"Halijaisha. Uko palepale."

"Umesamehewa."

"Mimi nimesamehewa, mwinjilisti. Ukuta haujui."

Thuku akamshika mabega, kwa upendo mwingi, akawageukia watu. "Ndugu zangu, mnaona adui alivyo? Mtu ametua mzigo, sasa hivi, bado una joto, adui anamwambia auokote! Ni nani anayefukua kilichozikwa?"

"Shetani!" wakajibu watoto kumi na tisa, kwa sauti kuliko wote, kutoka chini ya ukuta.

Jedida peke yake alikuwa ameinua macho. Alikitazama kioo, akautazama ufa, ukitoka kileleni, ukipita nyuma ya kioo, ukishuka mpaka kwenye kichwa cha mtoto wa mwisho. Akafungua mdomo. Kisha akamwona Ndirangu akifuta machozi kwa kidole gumba kilekile, na Jedida akaufunga mdomo wake.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko mwaka uliopita. Zamani Gerishom alikuwa na kitu kimoja cha kujifariji: kwamba siku atakayosema, mambo yatatengenea. Sasa alikuwa amesema. Kila aliyekutana naye njiani alimpa mkono, akimwita ndugu, akimwangalia kwa macho ya watu waliokula wakashiba. Alijaribu kwa Ndirangu: "Ule ukuta..." Ndirangu akaziba masikio akicheka. Alijaribu kwa Thuku mara ya pili, Thuku akaanza kumwombea apate usingizi. Jumanne jioni Mgeni akapita, mdogo, wa kuhesabu mpaka nne. Rimu ikagongwa, watu wakajaa kanisani, na watoto wakapelekwa benchini kwao. Ukuta ulisimama. Vumbi jembamba lilitoka ndani ya ufa likawaangukia nywele, wakawa wazee ghafla, wakachekana. Gerishom aliwatazama wakipanguzana.

Jumatano saa mbili asubuhi alimkuta Nzai akikata majani ya mbuzi.

"Chukua ngazi," akasema, "na kamba. Mimi nina nyundo ile kubwa. Na boriti nne za kuegemeza paa."

"Tunakwenda wapi?"

"Kanisani."

Nzai alifikiri. "Nilisikia walikusamehe."

"Walinisamehe."

"Wote?"

"Wote. Waliimba."

"Basi tunakwenda kubomoa nini?"

Gerishom akatangulia na nyundo begani. Nzai akamfuata na ngazi, akisema peke yake njia nzima kwamba yeye watu hawa wa bara hatawaelewa, mtu akiiba kwao anaimbiwa, sasa wakikutwa wanabomoa wataimbiwa au watapigwa, ni vizuri mtu ajue mapema.

Kanisani hapakuwa na mtu. Watoto wako shule, wanawake wa maombi hukutana saa nane. Waliingiza boriti chini ya kenchi ya mwisho ya paa, moja baada ya moja, wakazikaza kwa kabari, ili paa lisifuate ukuta. Wakayatoa mabenchi. Gerishom alipima kwa jicho, akafunga kamba kileleni, akampa Nzai ncha asimame mbali. Nyundo ya kwanza aliipiga kwa nje, taratibu, kama anayebisha hodi. Jiwe likaingia ndani lote. Udongo ukamwagika kwenye ufa, mweupe, laini, kama unga kwenye gunia lililotoboka.

"Uji," alisema Nzai kwa mbali.

Nyundo ya pili haikuhitajika yote. Ukuta ulijikunja katikati, ukafikiri, ukashuka wenyewe: kilele kwanza, halafu mabega, halafu tani zote zile za tumbawe kwa pamoja, zikaangukia ndani, pale pale penye alama nne za miguu ya benchi la watoto kwenye sakafu. Ardhi ya Barani ilitikisika. Sufuria ziligongana nyumba ya tatu. Mbwa walianza kubweka, na vumbi likatoka madirishani kote kwa mara moja.

Gerishom alikaa chini juu ya jiwe. Alikitazama kile kifusi, urefu wake, upana wake, akaanza tena kuhesabu mpaka ishirini, akashindwa kufika.

Nje watu walikuwa wamekwisha kupiga kelele. Mgeni! Mgeni mkubwa! Rimu ikaanza kulia, na ndugu wakaja mbio toka sokoni, toka mashineni, toka majikoni, wakaingia kanisani kwa mlango wa mbele wakikohoa, wakapiga magoti ndani ya vumbi bila kuona mbele yao. Jedida alifika na futi ya ushonaji shingoni. Vumbi lilipoanza kutua wakaona mwanga mahali pasipokuwa na mwanga. Wakaona mwembe wa jirani na kamba ya nguo zake. Wakaona lundo la mawe. Jedida akakaa sakafuni. Mwinjilisti Thuku akainua mikono yote miwili.

"Ndugu zangu!" alisema, na sauti yake ikapita pale palipokuwa na ukuta ikaenda mpaka barabarani. "Andikeni siku ya leo! Hili ndilo tetemeko tulilolingojea! Ardhi imefungua kinywa chake saa nne ya asubuhi, saa ambayo hakuna mtoto hata mmoja humu, ukuta umeporomoka, na mtumishi wake ameachwa hai katikati ya mawe awe shahidi!" Akamgeukia Gerishom, aliyekuwa mweupe kwa vumbi toka nywele mpaka viatu. "Simama, ndugu! Waambie watu! Ardhi ilipotikisika, wewe uliona nini?"

Gerishom alipangusa mdomo kwa kiganja.

"Haikutikisika, mwinjilisti. Nimeupiga nyundo. Sogea huku, jiwe moja bado liko juu."